Kiti cha Mzee Mugeta, Mtoto wa Miezi Kumi na Moja

Rhobi, na wewe Masatu, hii ni wiki ya tatu tangu niwaachie funguo za karakana, na sijakaa. Mtu aliyeshona viti vya magari maisha yake yote hajui kukaa, hilo mtalicheka mkimaliza kusoma. Asubuhi naamka, nazunguka nyumba, nakwenda mpaka mwaloni kuuliza bei ya dagaa ambao sinunui, narudi, napapasa kochi la sebuleni kutafuta mshono uliolegea. Mke wangu amesema nikilifumua tena lile kochi atanipeleka Bugwema kwa dada yake nikalime. Halafu akanipa daftari la mjukuu wetu, kurasa za nyuma, akasema andika. Mimi nimeishia darasa la nne, na la nne lenyewe sikulimaliza vizuri. Mkikuta herufi nimeiruka, iwekeni wenyewe.

Sitaandika nililipwa nini. Cheo sikuwahi kupata, kwenye kushona viti hakuna cheo, kuna fundi na kuna asiyejua. Nitaandika habari ya viti vya watoto, kwa sababu ndiyo kazi inayowajia sasa kila wiki, na kwa sababu kuna kiti kimoja nilikifunga vibaya huku najua, na bado kinanitembeza.

Lakini nianze Bunda, maana huko ndiko nilikofundishwa kushika sindano. Fundi wangu aliitwa Wambura, kibanda chake kilikuwa nyuma ya stendi ya malori. Siku ya kwanza alinitolea kiti cha dereva, akakiweka chini, akaniambia kaa. Nikakaa. Inuka. Nikainuka. Kaa tena. Hivyo hivyo mpaka jua la saa nane, yeye anaendelea na kazi zake. Nikaona huyu mzee ananichezea, kesho sirudi. Halafu akaniuliza, "Kinakuuma wapi?" Nikamwonyesha paja la kulia. Akasema hapo ndipo pa kuanzia kufumua. Somo lenyewe likaishia hapo. Miaka yote niliyokaa naye sikumwona akifumua kiti ambacho hajakikalia.

Wambura hakujua kusoma namba. Alikuwaga na kamba za katani zenye mafundo, kila dereva na kamba yake, fundo la goti, fundo la nyonga, fundo la bega. Zilining'inia ukutani kwenye misumari kama mishipi ya wavuvi. Dereva akinenepa, Wambura anampima upya, anafunga fundo lingine, halafu anakwenda kumwambia mke wa dereva. Mambo ya watu na wake zao tuyaache. Sindano ile iliyopinda nusu duara ni yeye aliyenipa, na kovu la kidole changu cha shahada ni la sindano hiyo hiyo.

Kiti cha kwanza cha mtoto nilikiona huko Bunda. Kilikuja ndani ya gari la mkono wa pili kutoka bandarini, mwenye gari akasema kitoe hicho kidubwana, kinakula nafasi. Nikakitazama: kiti kidogo, plastiki ngumu, mikanda mitano inakutana tumboni. Nikasema moyoni, kumbe Wazungu nao wana watoto wagonjwa wa mgongo. Mikanda nikaikata, nikafungia kuni kwenye baiskeli, ilidumu sana. Kiti nikampa kinyozi jirani. Watoto wengi wa Bunda wamenyolewa kwenye kile kiti, na sasa wengine ni wateja wenu, msiwaambie.

Nilipohamia Musoma, magari madogo yalianza kuwa mengi. Walimu, manesi, watu wa benki, kila mmoja anakuja na kakiti kake ametumiwa na ndugu au amekiokota kwenye mitumba, na hajui kukifunga. Mimi maandishi ya kizungu siyajui. Lakini ubavuni mwa kiti kunakuwaga na picha, na picha haihitaji shule. Mtoto mchanga amechorwa ameuelekezea usukani mgongo, kuna alama ya vema. Mwingine amechorwa anatazama mbele, kuna mkasi wa mistari miwili juu yake, yaani kosa. Mwanzoni nilidhani wanamgeuza ili asimwogope dereva. Nesi mmoja, mteja wangu, ndiye aliyenifungua macho. Alishika kichwa cha mwanawe kwa mikono miwili, akaniambia, fundi, tazama, kichwa ni kikubwa na shingo haijakomaa. Gari likigonga, mwili unazuiliwa na mikanda, kichwa kinaendelea na safari. Akitazama nyuma, mgongo na shingo na kichwa vyote vinapokelewa na kiti kwa pamoja.

Nilimwelewa. Hilo mliandike mahali, kwamba nilimwelewa.

Sasa kwa upande mwingine nilikuwa nimejipatia jina mjini kwa kitu changu mwenyewe. Akina mama walilalamikaga kwamba viti vile ni vigumu na vinachoma mtoto jasho. Nikaanza kuwashonea vigodoro vya sponji, nene kama mkate, nimevivika kitenge. Kinakaa kati ya mgongo wa mtoto na kiti, na masikio mawili yanapanda mabegani chini ya mikanda. Kilipendeza. Mtu akipita barabarani na kitenge kinaonekana dirishani, watu wanajua hicho ni cha kwangu. Kumbukeni sponji ni kitu gani. Wewe Masatu umelalia sponji, unajua ukiikalia inakwenda wapi.

Basi siku ya Alhamisi moja wakaja karakana mwalimu Nyangeta wa Buhare, mumewe Magesa, mama yake Magesa, na mtoto wao. Gari lao lilikuwa na wiki mbili tangu linunuliwe, hata karatasi za kwenye milango walikuwa hawajazitoa. Mtoto alikuwa na miezi kumi na moja. Aliitwa Mugeta, jina la babu yake, ambaye alifariki mwaka mmoja kabla yeye hajazaliwa, na ninyi mnajua kwetu jina likirudi ni mtu amerudi. Magesa alikuwa anamwita mwanawe "Baba". Bibi alikuwa anamwita "Mzee", na kabla ya kumpa uji anamkaribisha kwanza kama mgeni wa heshima. Mzee alikuwa na meno manne na kamasi.

Nikakiweka kiti nyuma ya siti ya abiria, uso wa mtoto kutazama nyuma, nikaanza kupitisha mkanda wa gari. Bibi akasogea.

"Fundi, huyo unamgeuzia wapi?"

Nikasema ndivyo inavyotakiwa, Mama, nikamwonyesha ile picha ya ubavuni.

Akaitazama vizuri tu. "Huyo wa kwenye picha ni mtoto," akasema. "Huyu ni Mzee."

Akanieleza kwa utaratibu. Kesho yake walikuwa wanakwenda Buswahili, kijijini kwao, kwenye kaburi la marehemu. Kulikuwa na ibada ya shukrani Jumamosi, ukoo mzima umeitwa kuja kumwona aliyerudi. Huyu mtu tumemzika, akasema, tumelia, Mungu ametupa tena, na amekuja kwa shida, mwalimu alilazwa miezi miwili. Leo mnamkalisha atazame alikotoka, njia nzima, ili aitwe? Msije mkamcheka. Bibi ni mwimbaji wa kwaya ya akina mama na Biblia yake imeisha jalada kwa kusomwa. Lakini mambo mawili yanaweza kukaa kwenye kichwa kimoja bila kugombana, kwangu mimi yanakaa matatu.

Mwalimu Nyangeta akatazama chini. Magesa akaenda kubonyeza matairi ambayo hayakuwa na tatizo lolote. Wote wawili walikuwa wananiachia mimi.

Na mimi nikakigeuza. Nikakitazamisha mbele, nikaweka na kigodoro kinene cha kitenge cha bluu juu yake ili Bibi afurahi zaidi. Nilijua shingo ya miezi kumi na moja ikoje, nesi aliniambia, na picha nilikuwa nimeishika mkononi. Mnataka sababu? Kulikuwa na wateja wawili wanasubiri. Hiyo ni sababu ndogo. Kubwa ni kwamba nilitaka yule mama aniseme vizuri. Na akanisema vizuri. Alimgeukia mwanawe akamwambia, "Huyu fundi ana adabu."

Ijumaa wakaondoka. Siku hiyo nilishona kiti cha pikapu, nikakifumua, nikakishona tena, kwa sababu uzi ulikuwa unakwenda kombo, na uzi wangu hauendagi kombo. Chakula kikaletwa, ugali wa muhogo na sato, nikala upande mmoja nikaacha. Kila gari lililopunguza mwendo pale nje nilikuwa nainua kichwa. Jumamosi asubuhi nikashindwa. Nikamtafuta Bwire, dereva wa pikapu, rafiki yangu, nikamwambia twende uwanjani Buhare, njoo na gari lako, mimi nakuja na papai.

Pale karakana kulikuwa na kiti kingine kama kile, cha mteja aliyesafiri. Nikajaza mchanga kwenye kiroba mpaka ukawa na uzito kama wa Mzee, nilivyokuwa namkumbuka mikononi. Juu yake nikafunga papai kwa kitambaa, ndiyo kichwa, kitambaa ndiyo shingo. Nikakitazamisha mbele na kigodoro changu ndani, mikanda nikaikaza mpaka nikaridhika. Bwire akakimbiza gari, halafu akakanyaga breki kwa mguu wote. Mwendo haukuwa hata mkubwa. Kiroba kilibonyea kwenye sponji, mikanda ikabaki inaning'inia, kiroba kikateleza nusu nje. Papai liliondoka. Lilipiga dashibodi, likapasuka, mbegu zikatapakaa mpaka kwenye redio.

Nikatoa kigodoro, nikakigeuza kiti kitazame nyuma, nikafunga papai la pili. Bwire akakanyaga tena. Papai likajiegemeza kwenye kiti kama mtu aliyelala, likabaki pale pale. Bwire alikula yote mawili, hata lile lililopasuka. Mimi sikuweza.

Nikampigia mwalimu. Alipokea, nyuma yake nasikia watu wanaimba. Nikamweleza haraka haraka. Akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, mimi nilitaka hivyo tangu mwanzo. Lakini nani atamwambia Mama? Tunarudi leo, tukishakula tu." Nikamwambia msiondoke. Nikachukua bodaboda.

Safari yenyewe siielezi sana. Kijana wa bodaboda alikuwa anataka kunisimulia habari za mpira, mimi namwambia kazana, nikimwambia kazana anapunguza ili asikie vizuri. Tulipoacha lami vumbi likatumeza. Njia ile ng'ombe wanakatiza wanavyotaka, na malori ya mchanga hayapishi, na kila shimo tuliloruka nilikuwa naliona papai. Niliwaza wameshaondoka, tumepishana kwenye vumbi, sikuwaona. Nilipofika Buswahili mdomo umejaa udongo, nikakuta gari liko pale pale chini ya paa la ghala, wanapakia viazi vitamu, na Mzee ameshafungwa kwenye kiti, anatazama mbele, amevaa kofia ya sufu.

Ukoo mzima ulikuwa umesimama kuwaaga. Ningependa kumwita Bibi pembeni, lakini hakukuwa na pembeni.

Nikamsalimia. Nikamwambia, "Mama, juzi nilikukosea. Nilijua kile kiti hakikai vile. Nilinyamaza ili unisifu."

Akanitazama vumbi langu kutoka juu mpaka chini. "Kwa hiyo adabu yako ilikuwa ya uongo."

"Ndiyo, Mama."

Watu wakacheka kidogo, yeye hakucheka. Nikamweleza habari ya papai. Nikamweleza kwamba yeye alipombeba Magesa mgongoni na kujikwaa, Magesa hakwenda popote, kwa sababu kifua chote na shavu vilikuwa vimelala kwenye mgongo wa mama. Kiti kikigeuzwa kinakuwa huo mgongo. Hapo nikaona ananisikiliza. Lakini akanyoosha mkono kule kwenye kaburi, lilikuwa limejengewa vizuri kwa saruji, na maua yaliyowekwa asubuhi ile.

"Tukiondoka hapa ukiwa umemgeuza, atakuwa anatazama wapi? Si atalitazama kaburi lake mpaka Musoma?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa na jibu moja tu la kazi, lile la Wambura, kwamba kiti unakikalia kwanza ndiyo unakijua. Nikamwomba mwalimu amtoe Mzee. Nikakigeuza kiti, nikakifunga, nikamwambia Bibi aingie siti ya nyuma, ainame, aweke kichwa chake pale panapokaa kichwa cha mtoto, aone mwenyewe.

Ndugu mmoja akasema hayo mambo gani ya kumwinamisha mama mtu mzima. Bibi akavua kilemba, akampa ndugu huyo huyo amshikie, akaingia. Alikaa mle muda mrefu kichwa kikiwa ndani ya kiti cha mtoto na miguu nje.

"Naona kitambaa," sauti yake ikasema.

"Ndiyo, Mama. Ni mgongo wa siti ya gari."

"Na kimbingu kidogo huku juu."

"Ndiyo."

"Kaburi halipo."

"Halipo, Mama. Na wewe ukikaa hapa pembeni yake, kitu kikubwa atakachokiona ni wewe."

Akatoka, akachukua kilemba chake, akakifunga polepole. Halafu akamsogelea mtoto mikononi mwa mwalimu. "Mzee," akasema, "umemsikia fundi. Wewe unasemaje?" Mzee akapiga chafya. Watu wote tukasubiri kama kuna nyingine, haikuja. Bibi akasema amekubali, ila kwa sharti: fundi naye aingie garini, akae nyuma, tukifika salama ndiyo ashuke.

Nikafanya kazi pale mbele za watu. Someni hapa vizuri, maana ndivyo mnavyotakiwa kufanya. Kigodoro cha kitenge nilikitoa, nikakitupa kwenye majani. Kofia sawa, lakini sweta nene nililivua, maana linafanya kazi ile ile mbaya ya sponji. Mikanda ya mabega nikaishusha kwenye tundu zilizo usawa wa mabega yake au chini kidogo, kwa sababu anayetazama nyuma anashikwa kutokea chini. Nikakaza mpaka nikajaribu kuubana mkanda begani kwa vidole viwili na vidole vikateleza, havikupata mkunjo wa kushika. Kiti chenyewe nilikipigia goti nikavuta mkanda wa gari mpaka nikikitikisa pale unapopita hakisogei. Kanga ya mwalimu nikaikunja nikaiweka chini yake, kilale kidogo, kichwa kisimwangukie kifuani. Wala msikiweke mbele kwenye gari lenye mfuko wa hewa. Ule mfuko ukifumuka unampiga mtoto.

Tukaondoka. Mzee dirishani, Bibi katikati, mimi upande wa pili na viazi miguuni. Mzee alimtazama Bibi. Alimtazama bila kupepesa, kama hakimu. Bibi alianza kumwimbia, halafu akaacha, akawa anamtazama tu naye.

Hatujafika lami, ng'ombe wakatoka kichakani. Magesa akakanyaga breki. Mimi pua yangu iligonga siti ya mbele, kwa sababu fundi niliyefunga mikanda ya watoto wa watu miaka yote hiyo sikuwa nimejifunga wa kwangu. Bibi alipita katikati ya siti za mbele mpaka kilemba kikafika kwenye gia. Viazi vilikwenda kila mahali. Mzee alibonyea kwenye kiti chake, akatoa macho, akaona watu wazima wamelaliana, akacheka.

Bibi akajirudisha nyuma taratibu, akashika paji la uso, akatazama nje. "Hawa ng'ombe wa nani?" akauliza. Hakuna aliyejua. Akatazama tena mpaka wa mwisho akapita. Halafu akasema, "Fundi. Mkanda wangu mimi uko wapi?"

Nikiwa namfunga akaniuliza vigodoro vile vya kitenge nimeshona vingapi. Nikamwambia sikumbuki. Akasema kumbuka.

Basi nikaanza kuvitafuta. Sikuwa na orodha, nilivikumbuka kwa vitenge. Cha maua mekundu kilikuwa kwa nesi wa Nyasho, aliyenifundisha habari za shingo! Alinionea haya kuniambia. Cha ndege kilikuwa Bunda. Mama mmoja huko alinikatalia, akasema kinaendana na pazia zake, nikarudi mara tatu mpaka mumewe akakitoa mwenyewe. Kuna kimoja cha njano sijakiona hadi leo. Nikiona gari dogo limesimama nachungulia dirishani, na pale kituo cha mafuta wameshaniuliza kama nina shida. Ninyi pia mchungulie.

Mzee aliletwa karakana kila baada ya miezi michache, na kila mara aliletwa na Bibi mwenyewe. Nilimpima kwa kamba ya mafundo kama za Wambura, iko ukutani, msumari wa tatu kutoka mlangoni, msiitupe. Watu walikuwa wanamwambia Bibi, huyo mtoto miguu imekunjwa, atalemaa, mgeuzeni. Bibi aliwajibu kwamba goti ni kazi yake kukunjwa. Ni kweli, miguu siyo kipimo. Kipimo ni kichwa na uzito. Kichwa kikiwa bado kina nafasi ya vidole viwili chini ya ukingo wa kiti, na uzito haujazidi ule ulioandikwa ubavuni, anabaki anatazama nyuma, hata awe na miaka mitatu. Kiti nacho kina umri wake, umepigwa muhuri chini kwenye plastiki. Kilichopita umri, au chenye ufa hata wa unywele, au kilichokuwa kwenye ajali, msikishone. Mtu atawalilia. Mwambieni hapana, aende akawaseme vibaya mji mzima, mtapona.

Miezi miwili kabla sijawaachia funguo, Mzee alikuja akiwa na miaka mitatu na kitu, anaongea kama redio. Nikampima. Kichwa kilikuwa kimefika ukingoni. Nikamwambia Bibi siku imefika, leo tunamgeuza atazame mbele, mikanda inapanda juu ya mabega, na akizidi tena tutamtafutia kile cha kumwinua, mpaka mkanda wa gari umkae begani na kwenye nyonga, siyo shingoni na tumboni.

"Nani amesema?" akauliza.

"Kamba, Mama. Na picha."

"Abaki hivyo hivyo. Ameshazoea."

Nilidhani ananitania. Nikamweleza kwamba kichwa kikipita ukingo, kiti hakikipokei tena, sasa hatari ni kubaki. Alielewa, niliona ameelewa. Lakini alisimama ameshika mlango wa gari na hakunipisha.

"Marehemu alikuwa mtu wa kutazama ng'ombe zake," akasema. "Miaka arobaini, fundi. Hata akinisalimia, ananisalimia huku anahesabu ng'ombe. Huyu amenitazama mimi. Kila safari, kwenda na kurudi."

Nilikaa na bisibisi mkononi mpaka aliposogea mwenyewe.

Nikakigeuza. Nikapandisha mikanda, nikakaza, nikajaribu kwa vidole viwili. Mzee akapanda peke yake, akakaa, akaona kioo chote cha mbele na barabara yote. Kule chini njia panda, jirani yetu alikuwa anavusha ng'ombe kwenda kunywesha. Bibi akaingia, akakaa pembeni yake, akavuta mkanda wake akajifunga. Mzee hakugeuka. Alinyoosha kidole.

"Moja," akasema. "Mbili. Nne."

"Haya," Bibi akasema, "ameanza."